Arubuni ya Dukani kwa Mirdasi

Zamani za kale, kabla ya babu za babu zetu, alitawala katika mji wa Nuhasi Sultani Mutawakili bin Zahidi, mfalme mwenye adabu nyingi na usingizi mwingi, na mji wake ulikuwa na malango ya shaba na mifereji ya maji matamu na bustani za komamanga, na soko lake lilisifiwa hata na watu ambao hawakupata kulitia machoni. Nami nikiutaja mji ule moyo hunilainika, maana walionihadithia walikuwa wakifuta machozi, na habari niliyoipokea hivyo siwezi kuitoa kwa macho makavu. Anayetaka hekaya ya vita na panga akatafute kwa mwingine. Hii yangu ni ya watu waliokuwa wakingoja.

Katika soko hilo palikuwa na duka la Tajiri Mirdasi, na dukani humo ziliuzwa saa za dhahabu za kutundika kifuani kwa mkufu, ambazo mfano wake haujaonekana tena duniani. Aliyezifanya hakuwa binadamu, alikuwa jini aitwaye Harfushi, aliyefungwa kwa pete ya akiki, na pete hiyo ilikuwa kidoleni mwa Mirdasi kama ilivyokuwa kidoleni mwa baba yake na babu yake. Na ajabu ya saa hizo ni kwamba kila moja ilihifadhi ndani yake kitambo kimoja cha maisha ya mwenyewe kilichokwisha kupita, na mtu akifunua kifuniko hutoka sauti za kitambo kile na harufu zake, na hata joto la jua la siku ile, na yeyote aliye karibu husikia na kunusa vilevile.

Sasa msidhani jini alikuwa mvivu. Harfushi angeweza kujaza ghala zima kabla ya adhuhuri. Lakini Mirdasi alimwamuru atoe saa moja tu kila mwezi unapoandama, kwani alikuwa akisema, "Kitu kikijaa sokoni hukosa heshima, na kikikosa heshima hukosa bei." Na babu yake, yule aliyemfunga jini, alikuwa mjanja kumpita. Harfushi alipoomba awekewe mwisho wa utumwa wake, yule babu alimwambia, "Utatumika mpaka apatikane mtu atakayesikia jina lake likiitwa mlangoni pangu, na akakubali kupitwa kwa ajili ya mwenzake." Kisha akacheka mpaka akakohoa, maana aliwajua watu wa Nuhasi, ambao hata kwenda kuzika walikuwa wakigombania kutangulia.

Basi ikawa siku moja Sultani ameketi barazani pake na saa ya Mirdasi inamning'inia kifuani, na tangu siku ile hakuna mwenye joho zuri aliyepata usingizi. Wakubwa wakaitaka, na wadogo wakaitaka kwa sababu wakubwa wameitaka. Wengi walioipata hawakuifunua hata mara moja, iliwatosha jirani auone mkufu. Na walanguzi wakazuka, wanamngoja mtu atoke dukani na saa yake na kumpa bei mara kumi papo hapo mlangoni, na wako waliouza. Mtu anauza arusi yake! Lakini nisiwalaumu, huenda arusi yenyewe ilikuwa na kasoro.

Katika mji huo aliishi mfanyabiashara wa zafarani, kijana bado, jina lake Badrani bin Saifu, mpole wa maneno, vidole vyake vya manjano siku zote kwa ajili ya biashara yake. Hakutaka saa kwa kujionyesha. Mama yake alikuwa amefariki, na Badrani aliona sauti ya mama inaanza kumtoka kichwani kidogo kidogo, leo neno hili, kesho neno lile, na jambo hilo lilimtia hofu kubwa kuliko hasara yoyote ya sokoni. Akajifunga joho lake akaenda kwa Mirdasi.

"Tajiri," akasema, "naomba niandikwe katika wanaongoja."

Mirdasi akainama mpaka ndevu zikagusa kifua. "Bwana wangu, duka hili ni lako na mimi ni mtumishi wako. Ila hatumwandiki mtu tusiyemfahamu."

"Nami nitafahamika vipi, ilhali nimezaliwa mtaa wa pili?"

"Kwa mazoea, bwana wangu. Na watu wa soko huzoeana kwa kununua."

Badrani akaelewa, akanunua mrashi wa fedha asiouhitaji, na mara ya pili akanunua chetezo, na mara ya tatu vinara, na mapazia, na visahani vya halua, mpaka mpishi wake akamwuliza kama wanakusudia kufungua duka nyumbani. Hatimaye Mirdasi akamkumbatia mbele za watu, akamwita ndugu, na hiyo ikawa ndiyo alama ya kufahamika.

"Sasa, ndugu yangu, arubuni," akasema Mirdasi.

Badrani akatoa mfuko wa dinari. Mirdasi akausogeza pembeni kwa ncha ya kidole, kwa upole, na hakuurudisha.

"Hizo ni bei. Arubuni ya duka hili ni kile kitambo chenyewe unachotaka kihifadhiwe. Unakiacha kwa Harfushi, naye anakitunza mpaka zamu yako. Tangu leo hutakikumbuka. Siku ya kuitwa utakipata ndani ya saa, na hakitachakaa milele. Na masharti unayajua, nayo ni masharti ya arubuni zote ulimwenguni, kwamba anayeacha kununua haidai tena. Jina linaitwa mara tatu. Asiyeitika amejitoa, na anayekufa kabla ya zamu amejitoa vilevile. Zamu haiuzwi, haikopeshwi, hairithiwi."

Badrani akakubali. Jini akatoka katika pete, mrefu na mwenye huzuni, akamwekea kidole baridi kwenye paji la uso, na Badrani akahisi kitu kinatoka polepole. Alipofika nyumbani alijaribu kumkumbuka mama yake, akaiona sura yake na mikono yake na ukaya wake, lakini alipomtaka aseme neno, aliona midomo ikicheza tu kama ya mtu aliye nyuma ya kioo. Sauti yote ilikuwa imekwenda na kile kitambo. Hapo ndipo alipotambua alilolifanya, kwamba kwa kuogopa kupoteza kidogo amekabidhi chote. Akalia sana siku ile, na hakumwambia mtu.

Basi akaanza kungoja. Na kungoja kwa dukani kwa Mirdasi hakukuwa kwa kukaa nyumbani. Ilikuwa desturi kila Ijumaa baada ya sala ya alasiri walioandikwa wakusanyike kwenye mabaraza ya mbele ya duka, wanaume upande huu na wanawake upande ule, wajionyeshe kwamba wangali hai na wangali wanataka. Mirdasi aliiweka desturi hiyo kwa kiburi, ili wapita njia waone msongamano. Lakini watu ni watu. Ijumaa ya kwanza wanakunjiana nyuso, ya pili wanaulizana hali, na kabla mwaka haujazunguka huyu analeta buli la kahawa, na yule kashata, na yule mwingine anakuja na mtoto wake mchanga apewe jina. Walikuwa wakizungumza na kutaniana mpaka magharibi inawakuta. Nani leo hukaa na jirani yake hivyo, bila ya haja wala hesabu? Walionihadithia walisema halua ya mabaraza yale haikupata kuonjwa tena, na mimi nimekula halua nyingi na nawaamini.

Aliyemfuata Badrani katika zamu alikuwa Mzee Taufiki, fundi wa fanusi, mtu mzima aliyekwisha kuinama mgongo, na siku zote aliletwa na binti yake wa pekee, Bi Sukaina, ambaye alikaa upande wa wanawake, mahali pa karibu ili ampe baba yake maji. Sukaina alikuwa fundi kama baba yake na ulimi wake haukuwa na kutu.

"Bwana Zafarani," alimwambia Badrani siku moja, "ukinawa mikono, yale maji mnayamwaga au mnapikia pilau?"

"Tunapikia, Bi Sukaina, na wageni wanasifu."

"Basi kumbe ndiyo maana hunialiki. Unaogopa nitajua siri."

Watu wakacheka, na Mzee Taufiki akacheka kuliko wote. Tangu hapo Badrani akawa anafika mapema, na anasingizia foleni, na kila mtu barazani alijua ukweli ila yeye mwenyewe.

Miaka ikapita hivyo, walio mbele wakaitwa mmoja mmoja, mpaka Badrani akawa wa kwanza na Mzee Taufiki wa pili. Mwezi ulikuwa karibu kuandama. Ndipo Mzee Taufiki alipoanguka kwa maradhi ya kifua, na tabibu akasema hafiki mwezi wa pili, na labda huo wa kwanza ataufikia kwa taabu. Bi Sukaina akaenda kwa Mirdasi akamwomba.

"Tajiri, baba yangu amekuwa mteja wako miaka mingi. Arubuni aliyoweka ni sauti ya mama yangu. Mama alikufa siku niliyozaliwa. Sijapata kumsikia hata mara moja. Baba akifa nayo itakwenda. Nakuomba kwa heshima ya waliokuzaa, toa saa mbili mwezi huu."

Mirdasi akatikisa kichwa kwa huzuni nzuri aliyoizoea. "Binti yangu, ningetoa mbili, watu wangesema kumbe mbili zinawezekana. Sina uwezo. Masharti yamenifunga mimi kama yalivyokufunga wewe." Na nyuma ya mgongo wake Harfushi, aliyeweza kutoa mia, akainamisha macho.

Badrani alipopata habari alikwenda kumzuru mgonjwa, akamchukulia maziwa ya zafarani. Alimkuta Mzee Taufiki amelala, pumzi yake inakwaruza, na Sukaina akikata bati la fanusi kando ya kitanda, kwa sababu wateja hawangoji maradhi.

"Baba hakumbuki hata ni kitambo gani alichoweka," akasema Sukaina. "Nilimwuliza, akaniambia, 'Najua tu kwamba mama yako yumo.' Usijali, Bwana Badrani. Kesho kutwa ni siku yako, nasi tutafurahi kwako."

Hakumwomba. Alikuwa na haya ya kuomba, na alijua anayemkabili ana mama pia. Badrani akaaga akatoka, na njia nzima alikuwa na hasira, na hasira yake ilikuwa juu ya mzee wa watu, kwamba hakujua kufa kwa wakati. Alijiambia mimi nimengoja kama yeye, na mama yangu ni mama kama wa mtu mwingine, na kila mtu na riziki yake. Maneno hayo yote yalikuwa kweli, na hakuna lililompa raha. Alifika nyumbani akaketi kati ya vinara na mapazia ya Mirdasi, akamwita mama yake moyoni, naye akachezesha midomo nyuma ya kile kioo. Badrani akafikiri: mimi nilimsikia miaka yote ya utoto wangu, hata nikamchoka mara nyingine aliponiita nikale. Yule binti hajaitwa hata mara moja.

Mwezi ukaandama. Asubuhi yake mabaraza yalijaa mpaka njiani, na Mzee Taufiki akaletwa amebebwa kitandani, kwa sababu aliomba aone zamu ya rafiki yake. Mirdasi akatoka na pete yake na mwito wake.

"Badrani bin Saifu."

Watu wote wakamgeukia. Badrani alikuwa ameketi mahali pake na mikono juu ya magoti, na hakujibu.

"Badrani bin Saifu," Mirdasi akarudia, na sasa akitabasamu, akidhani furaha imemziba masikio.

"Bwana Badrani, unaitwa," akasema Sukaina kutoka upande wa pili. Badrani akamtazama, na machozi yalikuwa yakimtiririka, na mdomo wake ameufunga kabisa. Hapo Sukaina akaelewa. Akasimama, akataka kusema usifanye hivyo, na neno likamkwama, kwa sababu alimtaka mama yake kuliko chochote, na hakuweza kusema uongo mbele ya watu.

"Kwa mara ya tatu na ya mwisho, Badrani bin Saifu."

Mirdasi akangoja kitambo, kisha akasema kwa sauti isiyo yake, "Amejitoa. Arubuni yake haidai. Taufiki bin Numani."

"Labeka," akaitika mzee kutoka kitandani, kwa pumzi iliyobaki.

Wakamtilia saa mkononi, na binti yake akamsaidia kufunua kifuniko. Watu walidhani watasikia vigelegele vya arusi. Ikatoka harufu ya jiko la kuni na sauti ya mwanamke kijana anayegomba. "Taufiki, hivi vitunguu umechagua wewe au umeokota? Tazama hiki. Na hiki. Mungu akinipa mtoto wa kike nitamwita Sukaina, na la kwanza nitakalomfundisha ni kuchagua vitunguu, asije akarithi macho yako." Kisha yule mwanamke akacheka, kicheko kirefu, na mwanamume akacheka naye. Na ndani ya saa ile hakukuwa na jambo jingine ila kumenya na kugombezana na kucheka. Mzee Taufiki alikuwa akilia na kusema, "Ndiye huyo, ndiye huyo." Na Sukaina akakaa chini juu ya mawe ya soko, na kila mtu akasikia kwamba kicheko kile alikuwa nacho yeye siku zote.

Hapo pete ya akiki ikapasuka kidoleni mwa Mirdasi kama punje ya bisi, na Harfushi akasimama juu ya mapaa ya soko, na huzuni imemtoka. Akasema, "Enyi watu wa Nuhasi, amani iwe kwenu. Nimetumika vizazi vitatu nikingojea mtu mmoja wa kukubali kupitwa, na leo nimemwona. Arubuni zote za waliojitoa, na za waliokufa wakingoja, zilikuwa amana kwangu. Mimi si mwuza duka, sina cha kuzifanyia. Zipokeeni."

Akakunjua viganja, na vitambo vyote vikashuka sokoni kwa pamoja. Ewe msikilizaji, siwezi kuueleza mchana ule kama ulivyokuwa. Zilisikika nyayo za watoto waliokwisha kuzeeka, na mabibi waliokwisha kuzikwa wakiita kuku, na mtu akimfundisha mwanawe kupiga mluzi, na harufu za mikate ya majiko yaliyokwisha kubomolewa. Watu walikuwa wakikimbia huku na huku kufuata sauti, na huyu anamshika yule bega na kumwambia, "Nyamaza, huyo ni baba yangu." Sultani mwenyewe alitoka bila kilemba. Na Badrani, alipokuwa amesimama kati yao hajui aende wapi, akasikia mvua ya zamani inapiga paa, na mama yake, karibu kabisa na sikio lake, akimwimbia mtoto mgonjwa:

*Lala mwanangu ulale,*
*homa mgeni wa njia,*
*tutampa maji anywe,*
*kisha ataaga pia.*

Akaimba, akarudia, kisha mvua ikapungua, na sauti ikaenda zake kama zilivyokwenda nyingine zote. Badrani alisimama pale pale. Hakuwa na saa ya kuifungia, na hakuitamani.

Sultani Mutawakili akaamuru duka lifungwe na mali yake igawiwe kwa wote walioweka arubuni, na Badrani akapewa fungu kubwa na joho la heshima na usimamizi wa soko la viungo. Mirdasi hakuadhibiwa. Aliachiwa mirashi na vinara vyake aviuze, na hapakuwa tena na mtu aliyetaka kufahamika kwake, akazeeka navyo. Mzee Taufiki aliishi siku chache, akamwita Badrani akamshika mkono ule wa manjano, akamwuliza kama anajua kuchagua vitunguu. Badrani akasema hajui. "Basi mtaelewana," mzee akasema, na akamwozesha Sukaina hapo hapo kitandani, kisha akafariki ametulia. Na watu wa foleni, baada ya duka kufungwa, walizitamani Ijumaa zao, wakaendelea kuja kukaa mbele ya milango ile iliyofungwa na kahawa yao na kashata zao, hawangoji chochote, mpaka wa mwisho wao alipokufa.

Miaka ikapita, Badrani na Sukaina wakapata binti, na siku moja ya masika binti akashikwa na homa. Badrani akamweka mapajani akaanza kumwimbia, na sauti yake ilikuwa mbovu, na alipofika katikati akasita. Akarudia mwanzo, akasita tena pale pale. Ile hofu yake ya ujana ikamrudia yote, maana aliona neno limemtoka na hakuna duka la kulifuata.

"Tutampa maji anywe," akasema Sukaina kutoka jikoni, bila kugeuka, mikono yake ikiwa kwenye unga.

Badrani akamtazama. "Umelijuaje?"

"Si nilikuwapo pale sokoni, mume wangu? Mama alikuwa anaimba kwa nguvu. Hata muuza kahawa anaujua wimbo huo, anawaimbia wajukuu zake."

Na wazee wa Nuhasi husema, usiweke rehani ulichopewa bure, na ukipendacho kiimbe watu wakusikie, kwani peke yako utakisahau. Badrani akauanza wimbo tena tangu mwanzo, na Sukaina akauitikia kutoka jikoni, mpaka mtoto akalala.